Lenzi Gani?

Ukiingia famasi yetu, hapa Mvara, Arua,
Januari imekusindikiza na vumbi lake jekundu,
ukaniambia, "Ayikoru, nipe matone ya macho,"
sitageukia rafu.
Nitakuuliza kwanza: umevaa nini humo ndani?
Usinitazame hivyo. Sikupelelezi.

Jana alikuja mwalimu Onzima, kope zimemvimba,
chaki na vumbi vimegawana macho yake nusu kwa nusu.
Alitaka ile chupa ya elfu tano,
inayoufukuza wekundu papo hapo
kama askari wa manispaa anavyowatimua wachuuzi:
saa mbili baadaye wamerudi, tena na jamaa zao.
Nikamuuliza, lenzi gani?
Akasema, laini, za mwezi.
Nikafunga kabati.

Maana lenzi laini ni andazi.
Lichovye kwenye chai, litakunywa chai;
lichovye kwenye dawa, litakunywa dawa
pamoja na kemikali ya kuzuia chupa isioze,
ile iliyoandikwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya boksi.
Kisha litakaa juu ya jicho mchana kutwa
likikutemea kidogo kidogo ulichokwisha kukisahau.

Lenzi ngumu haina kiu hiyo.
Bi Zamzam, msuka vikapu, anazo;
kioo cha jicho lake kimechongoka kama ncha ya yai.
Yeye adui yake ni punje ya mchanga:
ikipenya chini ya lenzi, atacheza ngoma asiyoijua.
Humpa matone mepesi, yasiyo na mafuta.
Siku moja alijinunulia mazito kwingine,
akasuka kutwa nzima ndani ya ukungu,
zambarau akaiita nyeusi,
na kikapu kile hakikupata mnunuzi.

Na yule karani wa benki, mwenye lenzi za siku moja?
Huyo namwambia: ikikusumbua, itupe.
Usitibu maiti.

Haya sikuyapata darasani tu.
Dada yangu Candiru aliolewa na lenzi za rangi ya asali,
zilizotoka Kampala ndani ya bahasha, bila karatasi.
Asubuhi ya harusi macho yakawa mekundu.
Mimi, mwenye koti jeupe la miezi mitatu,
nikamdondoshea juu yake, mawili, matatu,
ile ile ya elfu tano.
Adhuhuri machozi yalimtiririka hadi shingoni.
Wakwe wakapiga vigelegele:
tazameni, anawalilia wazazi wake!
Mimi peke yangu nilijua analilia duka letu.

Neno moja tu lingetosha: vitoe.
Nawa mikono, vitoe, dondosha, ngoja robo saa.
Na jicho likiuma, likichukia mwanga,
usije kwangu kabisa, nenda hospitali.
Neno moja. Sikulisema.
Hadi leo jicho lake la kushoto lina doa,
dogo kama chembe ya ulezi,
naye hajanilaumu hata siku moja.
Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo mwalimu nikamwonyesha vile vichupa vidogo,
vya kuvunja shingo na kutumia mara moja,
visivyo na ile kemikali.
Elfu thelathini na tano.
Alihesabu noti zake, akazihesabu tena
kana kwamba mara ya pili zingekuwa zimezaana.

"Basi vaa miwani wiki hii," nikamwambia.
"Jumatatu watoto watacheka. Jumanne watazoea."
Akatoa mfukoni miwani ya zamani,
mguu mmoja umefungwa kwa plasta,
akaivaa, akanitazama
kama mtu anayenisoma kwa mara ya kwanza.
Akaondoka bila kununua kitu.

Bosi wangu, kwenye mashine ya hesabu,
alikohoa.
Nikamuuliza kama anataka dawa ya kikohozi.
Nikamuuliza kwanza, kikohozi gani.